UZI: Mliowahi kufundisha mbali na kwenu, mnaishije na kuwamisi wanafunzi? Nilisomesha kisiwani Japani miaka minne na kuna barua nimeshindwa kuijibu

MtotoWaWete (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wakuu, na wengine habari za usiku. Huu uzi ni mrefu naomba mnivumilie, nimeanza kuuandika baada ya isha na nimeshaufuta mara tatu.

Mie mzaliwa wa Wete, Pemba. Nilichukuliwa na mama mdogo Uingereza nikiwa na miaka 11, nikasoma kule mpaka chuo, na mwaka 2013 nikapata nafasi ya JET. Kwa wasioijua, JET ni mpango wa serikali ya Japani ulioanza 1987, wanachukua vijana wenye digrii kutoka nchi nyingi wanawatawanya kwenye skuli za serikali hasa za mashamba, unakuwa msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza, cheo chenyewe kinaitwa ALT. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, mwisho miaka mitano. Pa kwenda unaweza kuomba lakini wanaoamua ni wao, na mie nikapangiwa Oki.

Oki ni visiwa viko bahari ya Japani, mkoa wa Shimane. Kutoka bara unapanda meli kama saa mbili na nusu mpaka bandari ya Saigo kwenye kisiwa kikubwa kinachoitwa Dogo, na baridi ikishika bahari inachafuka mpaka boti ya mwendo kasi inasimamishwa, inabaki ile meli kubwa tu. Wenzangu niliokuja nao kwenye ndege moja walinionea huruma, wao wamepata miji wana treni. Mie nilipoona nyavu zimeanikwa na wazee wamekaa chini wanazishona nilijihisi nimeteremka Wete.

Sasa nikwambieni siku ya kwanza darasani. Wananitaka nihesabu kwa lugha ya kwetu, basi nikaanza moja, mbili, tatu, wametulia kimya wananitazama, nilipofika saba darasa zima likaangua kicheko, mtoto mmoja kalala juu ya meza anapiga ngumi. Nikasimama sijui nimekosea nini, mwalimu mwenzangu akanambia kwa Kijapani saba ni samaki, jamii ya vibua vyetu. Watoto wa wavuvi hao, mwalimu mgeni kaja kutoka upande wa pili wa dunia na katikati ya kuhesabu kataja kibua. Tangu siku ile jina langu likawa Saba-sensei, yaani mwalimu Saba, mpaka mama wa dukani ananiita hivohivo.

Na kitu kimoja kilichonisaidia ni Kiswahili. Irabu zao ni tano zilezile zetu na maneno yao karibu yote yanaishia na irabu, sie tunasema basi wao basu, sie kompyuta wao konpyuta. Walimu wenzangu kutoka Marekani walikuwa wanalalamika watoto wanasema "aisu kurimu", mie nikiwasikia namsikia bibi yangu. Kwahiyo sikuwa nawacheka hata siku moja, nilikuwa nawaambia kwetu na sie maneno ya wageni tunayavisha nguo zetu, ila leo tuyavue kidogo tuone Muingereza anayasemaje. Walikuwa wanaelewa.

Darasa lililonikaa moyoni ni la walioingia Aprili 2014, kule mwaka wa skuli unaanza Aprili. Walikuwa na miaka 12, wengine sare zinawapwaya mikono imefichika. Niliwaona mwanzo mpaka wanamaliza Machi 2017, miaka mitatu kamili. Nimekula nao chakula cha mchana darasani kila siku, kule wanafunzi wenyewe wanavaa vikoti vyeupe na kofia wanagawa chakula, alafu wote mnasubiriana mnaanza kula pamoja. Nimepiga nao deki, maana kila siku kuna wakati wa usafi skuli nzima inashika matambara.

Kuna mmoja ndio sababu ya uzi huu. Alikuwa hazungumzi. Si Kiingereza tu, hata Kijapani hazungumzi darasani, ukimuuliza anatazama meza mpaka unaona vibaya unampa mwengine. Sasa mimi nguruwe sili, naibu mkuu wa skuli (Mungu ampe kheri popote alipo) alikuwa kila mwanzo wa mwezi anachukua ratiba ya chakula na kalamu nyekundu anazungushia siku zenye nguruwe ili nije na chakula changu. Ratiba ile ile imebandikwa na madarasani. Huyu mtoto akaigundua ile alama. Sijui nani alimwambia, lakini akawa kila siku yenye nyekundu asubuhi ananingojea pale tunapobadilishia viatu, ananitazama viatuni, anasema "Tudei, reddo". Leo ni nyekundu. Alafu anaondoka mbio. Mwaka mzima hayo ndio maneno pekee aliyonambia na hakukosa hata siku moja, hata ile siku ana homa kavaa barakoa alinisubiri.

Babu yake alikuwa anafuga fahali wa mchezo. Oki kuna mchezo wa kupiganisha mafahali, wanagonganisha vichwa wanasukumana kila mmoja kashikwa kamba na mtu wake, hakuna panga wala kuua. Wenyewe wanasimulia kwamba mfalme wao mmoja, Go-Toba, alishindwa vita mwaka 1221 akahamishiwa visiwa vile asirudi tena kwao, akafia hukohuko 1239, na watu wa visiwani ndio wakaanza kumchezea ng'ombe ili apoe moyo. Mpemba gani hapa hajui mchezo wa ng'ombe? Niliposikia nikawaonyesha darasani picha za kwetu, jamaa na kitambaa chake mbele ya ng'ombe, akinamama wanaimba pembeni. Nikawaambia wazee wanasema tuliuchukua kwa Wareno, na kwetu pia ng'ombe hauliwi uwanjani. Yule mtoto akanyoosha mkono. Miaka miwili sijawahi kuuona mkono wake. Akauliza kwa Kiingereza cha kuungaunga, nani anashinda, mtu au ng'ombe? Nikamjibu kengele ikalia katikati ya jibu, nikamwambia nitakumalizia.

Jioni ile babu yake akanipitia nyumbani, kazi yake kila magharibi ni kumtembeza fahali barabarani kumjenga miguu, na kuanzia hapo nikawa natembea nao. Watatu na fahali. Babu hajui Kiingereza, Kijapani changu cha mtoto mdogo, mtoto hazungumzi. Wallahi zile ndio jioni nilizozimisi kuliko kitu chochote nilichowahi kuwa nacho.

Naendelea post ya chini simu inaganda.

MtotoWaWete

Niliondoka Julai 2017. Pale bandarini wana desturi, anayeondoka anapewa mabunda ya karatasi za rangi nyembamba kama utepe, yeye anashika ncha akiwa juu ya meli na wanaobaki wanashika upande wa pili gatini. Meli inapoanza kuvuta, tepe zinafunguka zinafunguka, unazisikia vidoleni zinakimbia, alafu zinakatika moja moja. Kila Machi nilikuwa nakwenda kuwaaga walimu wa Kijapani, maana wao serikali inawahamisha kila baada ya miaka michache na wamezoea. Siku yangu nilikuwa na tepe kumi na moja mkononi. Ya kijani ndiyo iliyokatika mwisho na aliyeishika ni yeye, alikimbia nayo mpaka ukingo wa gati. Kipande ninacho mpaka leo ndani ya msahafu, kimekuwa cheupe.

Kosa langu ni hili. Kwenye ile sherehe ya kuniaga nilisema mbele ya watu wote kwamba wakimaliza sekondari ya juu, Machi 2020, nitarudi niwaone. Nilidunduliza, nikakata tiketi. Tarehe 27 Februari waziri mkuu wao Abe akaomba skuli nchi nzima zifungwe kuanzia Machi 2, corona, tiketi ikafa na pesa sikurudishiwa zote, na nchi ikafungwa kwa watalii wa kawaida mpaka Oktoba 2022. Ilipofunguliwa darasa lile halipo tena kisiwani. Oki haina chuo kikuu, mtoto akifika miaka 18 anapanda meli anakwenda Matsue, Hiroshima, Osaka, na wengi hawarudi.

Na mawasiliano sikuwa nayo. Idara ya elimu pale ilikataza mwalimu kupeana namba na wanafunzi, wote wanatumia LINE, ndio kama WhatsApp yao, lakini kwa mwalimu ni marufuku, na naona walikuwa na haki ya kuwalinda watoto. Nilichowaachia ni kikaratasi chenye sanduku la posta la ami yangu Wete.

Mwaka huu mwezi wa tatu ami kanitumia kwa mtu wa boti bahasha imetoka Japani. Ilikaa kwenye sanduku tangu Januari. Ni yeye. Ukurasa mmoja, Kiingereza, mwandiko uleule wa kubana. Anasema babu alifariki Novemba. Anasema alikuwa Hiroshima anafanya kazi kiwandani, karudi kisiwani kwa sababu fahali hakuwa na mtu. Mwisho kaandika: Saba-sensei, ng'ombe wa Pemba bado wanacheza? Hukumaliza kunijibu.

Nimekaa nayo miezi minne wakuu. Kila nikishika kalamu naanza na kuomba radhi na nikianza kuomba radhi sijui niishie wapi. Yule mzee amekufa sijamwandikia hata mstari mmoja miaka yote ile na alikuwa ananilisha. Kijapani changu cha kuandika kimeondoka. Na ukweli mwingine, naogopa, mtoto ninayemmisi ana miaka 13 na aliyeniandikia ni mwanamme wa miaka 23 sijawahi kumuona. Nyie mlioishi mambo haya mlifanyaje?

jembe_la_moro

Pole sana mkuu nimesoma yote. Ila mi nasema ukweli wangu, ile ilikuwa kazi, ulienda ukalipwa ukamaliza mkataba. Nimefundisha skuli za kata miaka sita, ukibeba kila mtoto moyoni utaumwa. Andika mistari miwili mpe pole ya msiba yaishe.

MtotoWaWete

@jembe_la_moro nimekuelewa na sikasiriki. Ni kweli nililipwa na nililipwa vizuri. Lakini ALT si mwalimu kamili, mitihani hutungi, maksi hutoi, somo si lako, mara nyingine kazi yako siku nzima ni kusoma sentensi kwa sauti wakufuatishe. Kilichobaki chako ni wale watoto tu, kula nao, kupiga nao deki, kuwajua. Ukishaondoka hakuna hata daftari la maksi la kuonyesha kwamba ulikuwepo. Labda ndio maana imeniganda hivi.

Bi_Mwalimu_Muheza

Mwanangu hujambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha hapa na ananisaidia kuandika.

Nimeanza kazi 1981, nimehamishwa vituo vitano. Kituo cha pili nilikuwa na binti, darasa la sita, alikuwa ananichotea maji bila kutumwa. Nilipohamishwa nilimkumbuka miaka mingi, nikiona ndoo namuona yeye. Miaka ya karibuni nipo hospitali nasubiri dawa, mama mmoja mnene na kanga yake ananiita mwalimu, mwalimu, mimi simjui kabisa. Akanitajia ile skuli. Nilimtazama usoni kumtafuta yule mtoto simpati, nikaona haya. Yeye akawa anaongea tu, ana watoto wanne, mume anauza mkaa, mguu unamsumbua. Tulikaa kwenye benchi lile mpaka saa nane. Sikumpata yule mtoto lakini huyu mama tunapigiana simu mpaka leo na Jumapili iliyopita alileta ndizi.

Huyo kijana wako hakukuuliza kwa nini hukuja. Isome tena barua. Amekuuliza habari za ng'ombe. Mjibu habari za ng'ombe.

MtotoWaWete

Shikamoo bibi. Nimesoma nikatoka nje kidogo. Kweli hakuuliza.

KobeNaMombasa

Salaam kaka, mimi wa Mombasa, niliishi Kobe miaka saba. Kuna mambo mawili matatu nataka nikuambie maana naona yana haraka.

Barua haikuwa kadi ya mwaka mpya sivyo? Wajapani Januari hutumiana kadi za mwaka mpya, lakini nyumba iliyofiwa mwaka ule haitumi kabisa. Kwahiyo yeye kuandika barua ya kawaida na kuituma msimu ule maana yake aliisubiri nafasi akaifikiria. Hiyo siyo barua ya juu juu.

Pili, mzee amefariki Novemba, basi Agosti hii ndiyo Obon yake ya kwanza. Obon ni zile siku za katikati ya mwezi wa nane wanaamini roho za wazee zinarudi nyumbani, na ya kwanza baada ya msiba inapewa uzito wa pekee, jamaa wote wanarudi. Sehemu nyingi wanaanza tarehe 13. Barua yako ikifika kabla ya hapo itawekwa mbele ya picha ya mzee, nimeona kwa macho yangu, hata bili ya simu ya marehemu waliweka. Kwahiyo usisubiri upate maneno mazuri.

Tatu, kwa vile umetaja kalamu nyekundu, najua utashawishika kuitumia. Jina la mtu usiliandike kwa wino mwekundu, kwao ni jambo la mauti. Tumia buluu. Na Kijapani kisikutie hofu, andika hiragana tupu, zile herufi zao nyepesi, kama mtoto wa darasa la kwanza, atasoma.

MtotoWaWete

@KobeNaMombasa Allah akulipe. Ile kalamu nyekundu nilishainunua kweli. Ningefanya kosa kubwa.

Na umenikumbusha kitu. Kule Dogo kuna mieleka ya jadi wanacheza kijiji kizima usiku kucha ikitokea jambo la furaha, na kila pambano linachezwa mara mbili. Aliyeshinda la kwanza anamwachia mwenzake la pili, ili waondoke uwanjani hakuna aliyeshindwa, maana kisiwa ni kidogo na kesho watakutana. Babu ndiye aliyenieleza, alitumia vijiti viwili vya kulia na saa nzima ya ishara za mikono mpaka nikaelewa. Leo mchana nimeikumbuka nikaona ndio jibu lililokatizwa na kengele. Nani anashinda, mtu au ng'ombe. Kwetu ng'ombe akimkimbiza mtu akapanda mti watu wanashangilia, mtu akirudi na kitambaa chake wanashangilia tena, jioni wote wawili wanarudi nyumbani.

chura_wa_kihansi

Samahani kwa kutoka nje ya mada, hiyo JET mtu wa Tanzania anaombaje?

MtotoWaWete

Mie nilipita kwa pasi ya Uingereza. Maombi yanasimamiwa na ubalozi wa Japani kwenye nchi yako na orodha ya nchi inabadilika mwaka hadi mwaka, uwe na digrii, waulize ubalozi Dar moja kwa moja usipite kwa dalali.

MtotoWaWete (mrejesho, siku tisa baadaye)

Wakuu nimerudi. Nilipanda boti Ijumaa nikaenda Pemba. Ami kanambia kijiji cha jirani walicheza ng'ombe kaskazi iliyopita na kijana mmoja alipiga picha kwa simu, tukamfuata shamba. Picha zake nyingi vumbi tupu, ila moja imetoka, fahali mweusi kainamisha kichwa, kamba imelegea, na nyuma yake mzee kavaa kofia anacheka hana meno ya mbele. Nilipoiona sikuitazama ya pili. Nikaenda kuisafisha Chake.

Barua nimeandika nyumbani kwa ami barazani, wino wa buluu. Radhi nimeomba mstari mmoja tu. Nimempa pole ya babu kwa hiragana, mkono ulikuwa unatetemeka herufi moja nimeigeuza nyuma mbele nikaiacha hivohivo. Alafu nimemjibu ng'ombe ukurasa mzima. Nimemuuliza fahali anakula nini baridi hii inayokuja na nani anamsaidia kumtembeza. Sikumuahidi kwamba nitakuja. Nimemwandikia namba yangu, sasa ni mtu mzima hakuna wa kumkataza.

Posta Wete dada wa dirishani kaiweka kwenye mizani, kanambia wiki mbili mpaka tatu, inategemea ndege. Leo ni tarehe 14 Julai.